Kupiga hema karibu na bahari Corsica, siku 14 na watoto: tukae upande gani, na upepo tuujengee vipi?

MamaWawili_München

Habari zenu wakubwa na wadogo. Mwaka huu tumeamua likizo ya kiangazi tuimalizie Corsica, kisiwa cha Ufaransa, kwenye hema, karibu na bahari. Tupo wanne: mimi, baba watoto, mtoto wa miaka 10 na wa miaka 6. Mdogo wangu wa kike anakuja kutoka Mombasa kututembelea, naye tutaenda naye, kwa hiyo watano. Tuna gari la kawaida lenye boksi juu, na hema la mtindo wa handaki lenye vyumba viwili. Shule za Bavaria zinafunguliwa katikati ya Septemba, hivyo tutavuka wiki ya mwisho ya Agosti.

Baba watoto ameangalia ramani, kisiwa kina kilomita 183 tu kwa urefu, anasema tukizunguke chote na kuhama kila baada ya siku mbili. Mimi nina wasiwasi. Pia anauliza kama inawezekana kulala mchangani kabisa, kandokando ya maji, bila kulipia kambi. Na hema letu limezoea nyasi za Ujerumani. Vigingi vyake ni vyembamba kama penseli. Naomba wanaokijua kisiwa hiki watupe mwanga.

---

Dereva_wa_Kona

Dada, karibu. Mwambie shemeji kilomita za ramani hazimsaidii kule. Corsica ni safu ya milima iliyosimama baharini. Monte Cinto una mita 2,706 na kutoka kileleni mpaka bahari ya magharibi haifiki kilomita 30 kwa mstari ulionyooka. Barabara haina pa kunyooka, inafuata kila bonde kuingia na kutoka. Calvi hadi Porto kwa njia ya D81 ni kama kilomita 75, ila weka saa mbili na nusu, na mtoto wa miaka 6 atatapika kama mmempa maziwa asubuhi. Bastia hadi Calvi ni kama kilomita 93, karibu saa mbili. Upande wa mashariki peke yake ndiko mnakimbia vizuri: barabara ya T10 inapita uwanda, Bastia hadi Porto-Vecchio ni saa mbili na ushei.

Kuhama kila siku mbili maana yake ni kung'oa hema mara sita au saba. Kung'oa, kupakia, kuendesha, kuripoti mapokezi na kusimamisha upya kunameza siku nzima mkiwa na watoto. Gawanyeni mara mbili tu, usiku saba na usiku saba.

Wiki ya kwanza ningeiweka Calvi. Ufukwe ni mrefu, mchanga laini, maji yanaingia kina taratibu, na nyuma yake kuna msitu wa misonobari wenye kambi kadhaa. Kuna pia treni ndogo inayopita kando ya bahari kati ya Calvi na L'Île-Rousse, inasimama kwenye fukwe, kwa hiyo gari linapumzika. Wiki ya pili shukeni mashariki, kati ya Moriani na Ghisonaccia. Mchanga ni mrefu usioisha, milima inakinga upepo wa magharibi, na siku ya kurudi mko karibu na Bastia (Moriani ni kama kilomita 40). Kasoro ya mashariki ni mbu, kwa sababu ya mabwawa ya Biguglia, Diana na Urbino. Malaria ilikuwepo kwenye uwanda huo na ilitokomezwa baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo mbu wa sasa hawaleti malaria, ila wanawasha. Ombeni nafasi iliyo mbali na bwawa, na msisahau chandarua cha mlango.

Pwani ya magharibi, yaani Porto, Piana na Sagone, ndiyo inayopigwa picha na inastahili, lakini kwa watoto wadogo si pa kuweka kambi. Porto na Bussaglia ni kokoto, na fukwe nyingi za huko zinazama ghafla, hatua tatu maji yako kifuani. Nendeni siku moja mkatazame majabali mekundu ya Piana. Kipande cha Porto hadi Piana ni kilomita 12 hivi, kimechongwa kwenye mwamba, na mabasi hupita humohumo. Piteni kabla ya saa tatu asubuhi. Kama dereva anaogopa kimo, pangeni safari ili kipande hicho mkipite mkitoka kusini kwenda kaskazini. Huko tunaendesha kulia, kwa hiyo mkielekea kaskazini mnakuwa upande wa mwamba, na mkielekea kusini mnakuwa upande wa bahari, ambako ukuta wa kinga unafika magotini. Mteremkoni shusheni gia hadi ya pili, msikalie breki. Jioni tegemeeni ng'ombe na nguruwe katikati ya barabara, mara nyingi kwenye kona kabisa, kwa sababu lami bado ina joto.

Kwa anayetoka München, Livorno, Italia, ndiyo bandari ya maana, kama kilomita 700 kwa kupita njia ya mlimani ya Brenner. Kutoka hapo hadi Bastia ni saa nne na kitu. Pimeni kimo cha gari pamoja na boksi la juu kabla ya kukata tiketi, maana bei inafuata urefu na kimo, na mkiandika pungufu mtalipishwa tofauti bandarini. Sitaha ya magari hufungwa safarini, kwa hiyo dawa ya kichefuchefu, maji na masweta vikae kwenye begi la mkononi.

---

FundiHema

Nianze na swali la shemeji. Kulala ufukweni ni marufuku, na kupiga hema nje ya kambi ni marufuku kisiwa kizima. Milimani wanaruhusu usiku mmoja kando ya vibanda vya wapanda milima kwenye njia ya GR20, kwa malipo. Gari lililoegeshwa ufukweni usiku linavuta faini.

Hata bila sheria, mchanga huo unadanganya. Sisi wa pwani tumezoea kusoma alama ya maji kujaa na kulala juu yake. Bahari ya Kati haipwi wala haijai kwa kiasi cha kuonekana, tofauti ni sentimita 20 au 30, hakuna bamvua. Mtu anaona mchanga mkavu mita tano kutoka majini anadhani uko salama. Kinachopandisha maji kule ni upepo. Libeccio ikivuma kutoka kusini magharibi, mawimbi yanaufagia ufukwe mzima usiku mmoja.

Sasa jambo ambalo naomba mlisome pole pole. Asubuhi ya tarehe 18 Agosti 2022 dhoruba ilikipiga kisiwa hicho kutoka baharini, na kituo cha Marignana kilipima upepo wa zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Watu watano walikufa. Kati yao, msichana wa miaka 13 aliangukiwa na mti kambini Sagone, na mwanamume mmoja aliangukiwa na mti ulioponda kibanda cha kambi huko Calvi. Tahadhari ya rangi ya chungwa ilitolewa asubuhi hiyohiyo, dhoruba ikiwa imeshafika. Kwa hiyo mnapochagua nafasi, kabla ya kuangalia kivuli, inueni macho. Mkalitusi unaangusha matawi mazima hata siku isiyo na upepo. Msonobari mrefu uliosimama peke yake, ulioinama, au wenye mizizi iliyopanda juu ya ardhi upande mmoja, uacheni. Tawi kavu lililonasa juu halijaanguka bado, litaanguka. Kivuli kizuri ni cha miti mifupi minene, mialoni ya kule au mizeituni, au turubai lenu wenyewe. Mkipewa nafasi mbaya, rudini mapokezi mbadilishiwe mchana huohuo. Kwa dhati kabisa, hili msilionee haya.

Kuhusu vigingi: hivyo vya penseli viacheni nyumbani. Ardhi ya kambi nyingi za huko ni changarawe ya mwamba wa itale iliyoshindiliwa na magari miaka mingi. Kigingi chembamba kinapinda pigo la tatu. Nunueni vya chuma kigumu, kama misumari mikubwa, urefu wa sentimita 25 hadi 30, na nyundo ya chuma ya kilo moja. Nyundo ya mpira inadunda tu. Hema lenu litataka 20 hivi, ongezeni 10 vya akiba. Kigingi kikigoma nusu, usilazimishe. Kitoe, sogea upana wa kiganja, jaribu tena, kwa sababu umekutana na jiwe na jiwe halitahama. Kukitoa, kipige ubavuni kushoto na kulia kwanza, ndipo kivutwe.

Kwenye nafasi ya mchanga mtupu kigingi cha aina yoyote kinatoka kama uzi kwenye siagi. Hapo chukueni mifuko ya kitambaa, kila mmoja utie kilo nne au tano za mchanga, ufungeni katikati kwa kamba ya hema. Chimbeni mfereji wa kina cha sentimita 40 uliokingama na kamba, laza mfuko humo, fukieni, kanyageni, kisha mwageni ndoo ya maji. Mchanga uliolowa unashika mara nyingi kuliko mkavu. Mifuko minane inatosha hema lenu: minne ya pembe na minne ya kamba za ubavuni.

Hema la handaki lina udhaifu mmoja, ubavu. Elekezeni mgongo wake, upande usio na mlango mkubwa, kule upepo unakotoka. Calvi elekezeni mgongo magharibi au kusini magharibi. Msidanganyike na upepo wa mchana unaotoka baharini na ule wa usiku unaoshuka kutoka milimani, huo ni wa kawaida na mwepesi. Unaovunja fimbo ni libeccio, na mistral inayotoka kaskazini magharibi. Kamba zote zifungwe kuanzia siku ya kwanza, hata kukiwa shwari, kwa pembe ya nyuzi 45 hivi kutoka ardhini. Wengi hufunga nne wakaacha nyingine kwenye vifurushi vyake, halafu saa tisa usiku wanazitafuta kwa tochi.

Kila asubuhi na kila saa kumi jioni fungueni ramani ya tahadhari ya Météo-France, idara ya hali ya hewa ya Ufaransa. Corsica ina wilaya mbili, 2A kusini na 2B kaskazini, Calvi na mashariki hadi Ghisonaccia ni 2B. Mawingu yenye umbo la sahani juu ya milima huku chini shwari ni ishara kwamba juu upepo umeshaanza. Ikiwa rangi ya chungwa, kwanza shusheni turubai la kivuli, kwa sababu ndilo tanga. Kisha fungeni milango yote ya hema, kwani upepo ukiingia ndani unalinyanyua kama mwavuli. Upepo ukizidi, acheni hema liende. Watu wote waende kwenye jengo la vyoo na mabafu la zege. Gari lililo chini ya mti si kimbilio.

---

MamaWawili_München

Asanteni sana, nimemsomea baba watoto sehemu ya Sagone na mjadala wa kulala ufukweni umekwisha. Calvi na Moriani basi. Bado nina maswali ya jikoni: tunaweza kuchoma nyama kwa mkaa? Umeme wa kambi unabeba birika? Na watoto wanapenda mito kuliko bahari, nimesikia mito ya huko ni mizuri.

---

Jiko_la_Safari

Mkaa sahau. Kiangazi moto wa wazi umepigwa marufuku kisiwa chote kwa ajili ya vichaka vyao, maquis, vyenye mafuta ndani ya majani na vinavyoshika kama petroli. Kambi nyingine zina banda moja la kuchomea la pamoja, ulizeni mapokezi. Siku za hatari kubwa hata misitu ya milimani kama Bonifatu hufungwa, tazameni tangazo jioni kabla ya safari ya kesho yake.

Gesi inaruhusiwa kambi nyingi. Jiko la kichwa kimoja la kilowati 3 linakula kama gramu 220 kwa saa, hivyo kopo la gramu 450 ni saa mbili za moto kamili. Familia ya watano inayopika chai, wali na mchuzi inamaliza kopo moja kwa siku mbili. Nunueni huko huko madukani, ila angalieni aina ya mdomo: kuna makopo ya kuskurubu na ya kubana, na jiko la moja halikubali la pili. Msiyaache ndani ya gari mchana, joto la ndani linapita nyuzi 50. Maharage makavu yaacheni, yanakula kopo zima. Dengu zinaiva dakika 25.

Umeme: soma kwenye nafasi yako imeandikwa 6A au 10A (A ni ampea). 6A ni wati 1,380 hivi, birika la wati 2,000 linakata umeme, na pengine la jirani naye. Chukueni birika dogo la wati 1,000 na lisifanye kazi pamoja na friji. Plagi ni ile ya bluu ya kambi yenye pini tatu. Waya uwe mita 25, unene wa milimita za mraba 2.5, na ufunguliwe wote kutoka kwenye gurudumu lake. Ukiachwa umezungushwa unapata moto na kuyeyuka.

Nyama ya halali tafuteni Bastia siku mnaposhuka melini, mgandishe. Vijijini soseji na nyama kavu zote maarufu, figatellu, lonzu na coppa, ni nguruwe. Jibini la brocciu halisi ni la Novemba hadi Juni, Agosti mtauziwa la maziwa ya ng'ombe kwa jina lingine. Maji ya bomba kambini yananyweka.

---

Muuguzi_Pwani

Dada, kuhusu mito nataka uelewe vizuri, maana ni jambo tunalolijua sisi kuliko Wazungu. Mwaka 2014 iligundulika kwamba kichocho cha mkojo kimeambukizwa kwenye mto Cavu, karibu na Porto-Vecchio. Zaidi ya watu 100 walipatikana nacho, wengi walioogelea kiangazi cha 2013. Baadaye, 2019, kisa kingine kilihusishwa na mto Solenzara. Konokono wanaokibeba, Bulinus, wanaishi kwenye madimbwi ya maji ya uvuguvugu yanayotembea polepole. Vimelea vilifika pale kwa mkojo wa mtu aliyekuwa navyo, na vinasaba vilielekeza Afrika Magharibi.

Kwa hiyo mambo mawili. Mdogo wako kama amewahi kuogelea kwenye mito au mabwawa ya pwani ya Kenya, au Unguja na Pemba, apime mkojo na kutibiwa Mombasa kabla ya safari. Praziquantel ni dawa rahisi. Na hakuna mtu, mtoto wala mkubwa, anayekojoa mtoni. Kama watoto mtawaogesha Cavu au Solenzara, waambieni daktari München mkirudi. Damu kwenye mkojo hutokea baada ya wiki kadhaa hadi miezi, na wengi hawana dalili yoyote. Calvi na Moriani ziko mbali na mito hiyo, na maji ya chumvi hayana kichocho.

Hatari ya pili ya mto ni mvua ya milimani. Mwishoni mwa Agosti ngurumo hutokea mchana, juu kunanyesha na chini jua linawaka. Tarehe 1 Agosti 2018 watu watano walikufa kwenye korongo la Zoicu, karibu na Soccia, kwa maji yaliyoshuka ghafla. Tokeni mtoni kabla ya saa saba mchana. Maji yakianza kuwa na rangi ya chai au kubeba majani, pandeni juu mara moja, msisubiri kukusanya viatu. Hata kambi ya kando ya mto, tazameni mashina: vijiti vikavu na nyasi vilivyonasa kwenye matawi kwa mstari mmoja vinaonyesha maji yaliwahi kufika wapi.

Baharini, yavuyavu (wengine huita konyeza) wa rangi ya zambarau wanaunguza. Suuza kwa maji ya bahari, si ya bomba, kwa sababu maji baridi yasiyo na chumvi yanafyatua sumu iliyobaki kwenye ngozi. Usisugue. Kwangua nyuzi kwa kadi ya plastiki. Samaki wa mchangani mwenye mwiba wa sumu ni kinyume chake: tumbukiza mguu kwenye maji ya moto yanayovumilika, nyuzi 40 hadi 45, nusu saa au zaidi, na jaribuni maji kwa mkono wenu kwanza. Viatu vya majini vinapunguza hatari hiyo. Eneo la kuogelea lenye walinzi linawekwa bendera nyekundu juu na njano chini pande mbili, ogeleeni katikati yake. Dharura baharini piga 196, nchi kavu 112.

---

Karani_wa_Viza

La mdogo wako kwa ufupi: Corsica ni Ufaransa ya kawaida, viza ya Schengen inatosha, haihitaji ya ziada. Anaomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Akikaa wiki tatu kwenu na mbili kisiwani, anaomba Ujerumani. Bima iwe ya euro 30,000 angalau, maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari. Abebe pasipoti yenyewe melini, si nakala. Na kodi ya wageni kwa kila usiku wanatozwa wenye miaka 18 na kuendelea tu, kwa hiyo mtalipia watatu.

---

MamaWawili_München

Mungu awabariki. La mwisho: meli yetu ya kurudi ni asubuhi. Tunang'oa hema usiku?

---

FundiHema

Hapana dada. Ng'oeni jana yake saa nane mchana, likiwa limekauka, na usiku wa mwisho mlale kwenye kibanda cha kambi au chumba Bastia. Septemba umande wa alfajiri unalowesha turubai kama mvua, na hema lililofungwa limelowa likakaa siku mbili kwenye boksi la gari linaota madoa meusi yasiyotoka. Ikilazimika kulifunga bichi, lifungueni München siku hiyohiyo mnayofika, hata kama ni sebuleni juu ya viti.